Bwana Afya na Debe la Majivu

Mbukwenyi! Nasema mbukwenyi, nyie mliokaa huko nyuma mnatafuna karanga, itikieni basi. Eeh, hivyo hivyo. Sogeeni. Wewe mwenye redio, izime, leo redio ni mimi. Shule sikusoma, darasani niliingia mara moja tu kumfukuza mbuzi, lakini mdomo ninao, na leo mdomo huu unataka kuwachorea mtu mmoja tuliyemwita Bwana Afya. Jina lake alikuwa nalo, nadhani, maana mama hazai mtoto akamwita cheo. Ila kwetu alikuwa Bwana Afya, mke wake akawa Mama Afya, hata mbwa wao tulimwita Afya, na alikuwa na ukurutu.

Kwa nyie mliozaliwa juzi: bwana afya alikuwa mtu wa serikali wa kukagua vyoo. Akitokea kule kwenye kona na baiskeli yake, kijiji kizima kinakimbilia majembe, kila mtu anajifanya ndiyo kwanza anachimba choo. Mimi nilichimba choo hicho hicho kwa miaka mingi sana. Kila akija ananikuta ndani ya shimo. Siku moja akaniambia, "Wewe, ukiendelea hivi utatokea upande wa pili wa dunia, na huko nako watakuuliza choo kiko wapi."

Alikuwa mrefu. Mrefu namna gani? Akiinama kufunga kiatu, kichwa kinafika asubuhi, mgongo unafuata saa nne. Juu ya baiskeli magoti yalikuwa yanamgonga kidevu. Na nyuma kwenye keria, amelifunga kwa mpira wa tairi, alibeba debe. Debe la kawaida, lile la mafuta ya kula, limekatwa mdomo na kutiwa mkono wa waya. Mlikumbuke hilo debe. Huyu mtu na debe lake ndio waliotaka kukiokoa kijiji chetu, kijiji ambacho leo ukienda unakuta nguzo za nyumba zimesimama peke yake kama watu waliosahau walichokuja kufanya.

Kijiji chenyewe kilikuwa ukitoka Mlali, unaipa barabara kisogo, unafuata korongo kwenda kwenye vilima. Ndani ya vile vilima kulikuwa na mashimo ya dhahabu ya wazungu wa zamani. Walichimba, wakaondoka, mashimo yakajaa maji, yakalala. Hayakutuhusu. Ikaja miaka ya ruksa, ile ambayo kila kitu ruksa: kuuza ruksa, kununua ruksa, kuchimba ruksa. Watu wakaja na mashine za kuvuta maji, wakayanyonya yale mashimo ili wafike kwenye dhahabu, na maji wakayaachia kwenye korongo. Na korongo lilikuwa halina pengine pa kwenda, linakuja kwetu.

Jamani, maji yale! Mekundu kama chai iliyosahauliwa jikoni. Na makali. Ng'ombe akinywa anakunja uso kama aliyesomewa hukumu. Jembe ukiliosha jioni, asubuhi unakuta mpini peke yake unaomboleza. Mimi mwenyewe nilifua suruali, nikaanika mkanda.

Mnacheka. Na sisi tulicheka, mpaka ndama wakaanza kufa. Mahindi ya bondeni yakawa yanakauka kuanzia miguuni. Na vyura wakanyamaza. Hilo ndilo lililowatisha wazee kuliko mengine, maana mvua ilinyesha, korongo likajaa, na hakuna chura hata mmoja aliyesema kitu. Mkutano ukaitwa. Wazee wakasema tuhame.

Sasa mjue sisi tulishahamishwa mara moja, kwa malori, zamani zile za kukusanywa vijijini. Makaburi yetu tuliyaacha kule, hapa tukaanza kuzika upya. Shangazi yangu, mama mmoja mkali, akasimama mkutanoni akasema, "Mimi nimeshapandishwa lori mara moja nikiwa hai. Lori la pili litanikuta maiti."

Ndipo yule mrefu akasimama. Akachukua muda, maana alikuwa anasimama kwa vipande. Akasema, "Msihame. Maji haya yanaumwa. Kinachoumwa kina dawa. Nipeni nafasi, na vyura wakirudi kwenye korongo hili, nitakunywa kikombe kizima mbele yenu, mkiniona."

Basi. Kuanzia siku ile ndilo likawa shauri lake hapa duniani: vyura warudi, sisi tusihame. Choo changu kikapumzika.

Dawa yenyewe ilikuwa majivu. Msishangae, na sisi tulishangaa kwa niaba yenu. Kule barabara kuu kulikuwa na kiwanda cha serikali cha kukamua mafuta ya karanga na alizeti. Kilikuwa na boila kubwa kama kanisa, linachoma maganda na magogo mchana kutwa, na jivu lake walilimwaga nyuma ya kiwanda mpaka likawa kilima. Upepo wa kwetu mnaujua. Upepo ukivuma, mji mzima wa pale ulikuwa unapiga chafya kwa zamu. Meneja aliposikia kuna mtu analitaka lile jivu, alitaka kumbusu. Akampa na lori la kiwanda. "Chukua," akamwambia, "chukua na upepo wake."

Bwana Afya akatuchimbisha shimo kwenye korongo, juu ya kijiji. Maji mekundu yanaingia humo, tunamwaga majivu, tunakoroga kwa miti mirefu kama tunasonga ugali wa jeshi. Uchafu mwekundu unazama chini, maji yaliyotulia yanapita juu yanaendelea na safari. Yakizidi matope tunayazoa. Ndiyo kazi yote. Na kila debe la majivu lilipaswa lijae. Hapo alikuwa hana utani. Analisawazisha kwa kiganja, anainua mkono, anaita, "Debe limejaa?" Sisi wote: "Limejaa!" Ukimpelekea pungufu anakurudisha. Alikuwa anasema, "Debe lisilojaa mnamdanganya nani? Mimi mtanidanganya. Chura hadanganyiki."

Kupima alikuwa anapima kwa choya. Ile ile choya mnayoijua, maua mekundu ya kutengenezea juisi. Mama Afya anaichemsha, yeye anaitia kwenye chupa, anakwenda nayo korongoni. Anadondosha kidogo kwenye maji. Maji yakiwa makali, choya inabaki nyekundu inang'aa kama midomo ya bibi harusi. Yakiwa yamepoa, inageuka zambarau, inakuwa na rangi kama ya bega lililobebeshwa mzigo. Akiona zambarau anacheka, kisha anakunywa choya iliyobaki kwenye chupa. Mama Afya alikuwa hapendi kabisa. "Sukari yangu," anasema, "inakwenda kupikiwa korongo."

Kwa jivu lile uso wake ulikuwa mweupe kila siku, na kope, na nywele za puani. Mchungaji alimwambia, "Wewe Jumatano ya Majivu usijisumbue kuja, umeshapakwa ya miaka kumi."

Sasa niwaambie kosa, na kosa hili halingetokea pengine popote isipokuwa Ugogoni. Alipokuwa anatufundisha kwa nini jivu linatuliza maji, maneno yalimwisha. Alisema maji yamekula mawe yenye kiberiti, sisi tukadhani kiberiti cha kuwashia sigara. Akahangaika, akatafuta mfano, akageukia kina mama. "Mnapopika mlenda, mnatia nini?"

"Magadi," wakamjibu.

"Ya nini?"

"Ulainike, uvutike."

"Haya! Jivu hili ni ndugu wa magadi. Linalainisha maji."

Wakafurahi. Wakapiga makofi. Na yeye akafurahi kwamba ameeleweka. Yesu wangu, alieleweka kupita kiasi! Kuanzia siku ile jivu likawa linapungua. Lori linamwaga leo, kesho lundo limeliwa pembeni kama mkate uliotembelewa na panya. Korongoni choya ikarudi kuwa nyekundu. Bwana Afya akawa anazunguka na baiskeli anakagua wezi, anashuku wachimbaji, anashuku serikali, ananishuku mimi.

Siku moja mchana akafika kwa shangazi yangu, na mimi nipo, akakaribishwa ugali na mlenda. Akala. Akasifu. "Shangazi, mlenda huu leo ni wa namna yake. Unavutika kutoka hapa mpaka Ipagala mjini."

"Kula, baba. Si dawa yako hiyo?"

Mkono ukasimama njiani. Mlenda ukaendelea kudondoka peke yake.

"Dawa gani?"

"Si ulisema ni ndugu wa magadi? Magadi ya Bahi siku hizi yananunuliwa, baba. Ndugu yake unatuletea na lori."

"Shangazi! Boila lile linachomewa kila kitu! Magunia ya plastiki! Matambara ya kufutia grisi!"

"Aaa," shangazi akasema, anafikiri. "Ndiyo maana unateleza."

Bwana Afya alitapika mpaka nikadhani ataleta na baiskeli. Halafu akaita mkutano, akasema kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia kwake, kwamba kila kiganja cha jivu kinachoingia chunguni ni ndama mmoja kaburini, na kwamba hili debe ndilo linalotuzuia kupanda lori. Shangazi akainamisha kichwa. Neno lori lilikuwa linamfikia. Tangu siku hiyo yeye ndiye akawa mlinzi wa jivu, na mtu hakuligusa tena, maana shangazi alikuwa na fimbo na hana subira.

Msidhani Bwana Afya alikuwa malaika. Alitukataza sigara huku moshi unamtoka puani, akisema ule ni wa zamani, bado unatoka. Alitutoza faini za vyoo, na choo chake mwenyewe kilikuwa hakina mlango. Hakina, tangu nimfahamu! Alikiziba kwa kanga ya Mama Afya, na kanga ikihitajika kanisani, siku hiyo mwenye choo anajibana. Mama Afya alikuwa anasema mbele ya watu, "Mume wangu anaponya maji ya wilaya nzima, kasoro ya nyumbani."

Na kubwa kuliko yote: alikuwa anaogopa vyura. Naapa. Mtu aliyeweka maisha yake rehani kwa ajili ya chura, akimwona chura anapanda juu ya kiti. Alisema wana macho ya mtu anayetaka kukopa. Tulipomuuliza sasa kwa nini anawataka warudi, akasema, "Nawataka warudi kwenye korongo. Sijasema warudi kwangu."

Na walirudi, mjue. Walirudi. Masika moja tuko pale shimoni tunakoroga, Bwana Afya ameinama na chupa yake ya choya, kitu kikasema *kroo*. Miti yote ikasimama. Tukatazamana. *Kroo*, tena. Chura mmoja, mdogo kama firigisi ya kuku, amekaa ukingoni anatutazama kama mwenye nyumba aliyerudi safari. Bwana Afya alitupa chupa, akaruka, akapanda juu ya keria ya baiskeli, miguu hewani, na huko juu akaanza kulia. Machozi yakamchora mistari kwenye lile jivu usoni. "Msimguse," anasema, "msimguse mzee. Mkaribisheni."

Mkutano ukaitwa siku hiyo hiyo. Shangazi akachota kikombe korongoni. Bwana Afya akakiinua, akakinywa chote, akageuza kikombe chini, hakikudondosha kitu. Tukasubiri aanguke. Hakuanguka. Mzee mmoja akasema, "Msishangilie bado, huyu ni mrefu, yanahitaji muda kufika." Mama Afya akadakia, "Akifa nani ataniwekea mlango wa choo?" Tulicheka, jamani. Tukaimba, tukachezesha mabega mpaka vumbi likawa linacheza lenyewe. Shangazi alikwenda nyumbani kwake, akachukua jembe, akaanza kupanda mti wa kivuli mlangoni. Mtu anayehama hapandi mti.

Laiti ningekuwa na uwezo, ningewasimamisha hapo hapo wote, na mabega yao juu.

Maana kiwanda kikauzwa. Ile ruksa iliyofungua mashimo ndiyo iliyokuja kufunga boila. Tulisikia kwenye redio neno ubinafsishaji, mimi nikadhani ni ugonjwa wa kuku. Akaja tajiri mmoja kutoka mjini, kijana, mpole, ana simu kubwa kama tofali. Wafanyakazi wakapigwa ridandasi, kazi hawana tena, mlangoni pakawekwa kufuli. Bwana Afya akaendesha baiskeli mpaka kule, na mimi nyuma kwenye keria, nimelipakata debe.

"Shikamoo mzee," tajiri akamwamkia, kwa heshima kabisa.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya majivu."

"Majivu?"

Akamweleza. Vyura, korongo, lori, shangazi, kila kitu. Tajiri alisikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza. Halafu akasema, "Mzee, mimi sikununua moto. Nimenunua godauni. Nitaweka bidhaa humu. Boila linang'olewa, linakwenda kuuzwa chuma chakavu."

"Basi niachie kile kilima cha nyuma. Ni uchafu tu."

Tajiri akakitazama kilima. Unajua mtu anapotazama kitu kama anakiona leo? "Kumbe kinatakiwa," akasema. "Mzee, sasa hivi ni soko huria. Kitu kikitakiwa, kina bei."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo linaloniuma. Angetutukana tungepata cha kuchukia. Kile kilima kilikuja kununuliwa na mafundi wa matofali. Tuliporudi, Bwana Afya hakupiga kengele hata kwenye kona. Njiani alisema neno moja tu: "Ningekaa kimya kuhusu kile kilima." Akalirudia, akalirudia, mpaka tukafika.

Akaanza kukusanya majivu ya mafiga. Nyumba kwa nyumba, kila asubuhi, na debe lake, yule mrefu anainama kwenye vijumba vyetu vya tembe anaomba jivu la jikoni. Watu walimpa. Hata waliokuwa hawajapika walimpa, wakachoma majani ili wasimrudishe mikono mitupu. Lakini jivu la kijiji kizima korongo lilikuwa linalimeza kabla ya saa ya chai, na likatutazama kutaka lingine. Kuna aliyesema tuukate msitu wa kilimani tuuchome. Bwana Afya akautazama ule msitu, akautazama kwa muda mrefu, nikaogopa. Akasema hapana. "Tutakuwa hatuna maji na hatuna miti. Mwenye kuhama aache kivuli nyuma yake."

Debe likawa halijai. Anaita, "Debe limejaa?" na sisi tunatazama chini. Siku moja akaacha kuita.

Mvua iliyofuata korongo likashuka jekundu. Asubuhi tulikuta vyura wamelala chali ukingoni, matumbo meupe, wengi, kumbe walikuwa wameshazaana. Bwana Afya akachuchumaa. Yule aliyekuwa anapanda viti. Akamwokota mmoja kwa mkono wake, akamfuta tope kwa kidole gumba, akamtia kwenye mfuko wa shati, ule wa kifuani, akafunga na kifungo. Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Tukahama. Safari hii hayakuja malori, hakuna aliyetuhamisha, kila mtu alijibeba mwenyewe. Wengine Mlali, wengine Kibaigwa, wengine mjini. Shangazi alitimiza alichosema. Alifariki kabla ya zamu yake kufika, tukamzika pale pale, chini ya kile kimti chake kilichokuwa kimeshakauka. Na Bwana Afya, ambaye na yeye barua ya ridandasi ilikuwa imeshamfikia, alisimama njiani na baiskeli, kila familia ikipita anaishika mkono. Unajua alikuwa anawaambia nini? "Mkifika, chimbeni choo kwanza."

Nilikaa miaka bila kumwona. Mimi nikaishia Ipagala, nauza maji. Ndiyo, msinitazame hivyo, mtu niliyekimbia maji nikaja kuyauza, na mkokoteni na madumu. Mchana mmoja nikaitwa kwenye nyumba moja ya uani. Nikashusha madumu, nikasikia sauti chumbani, "Hayo maji umeyatoa wapi?"

Nikaijua. Nikaingia. Yuko kitandani, miguu imepita mwisho wa kitanda imepewa stuli yake. Lakini mwili! Bwana Afya alikuwa amekwisha. Ule urefu umebaki, ila mtu aliyekuwa ndani yake ametoka. Shati likawa linamvaa yeye.

"Shikamoo Bwana Afya."

"Marahaba. Choo ulimaliza?"

"Nakaribia."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Akamwita mkewe alete choya. Mama Afya yuko nje anasonga ugali, akafoka kwamba choya ni ya kunywa, lakini akaleta, akarudi jikoni. Bwana Afya akadondosha kwenye kikombe cha maji yangu. Ikageuka zambarau. Akakishika kile kikombe, anakitazama tu.

"Haya yapo hai," akasema. "Yana chumvi, lakini yapo hai. Kule vipi?"

Nilitamani kumdanganya. Mimi, mwongo wa kuzaliwa, nikatafuta uongo mmoja mdogo nikaukosa. "Bado mekundu," nikasema.

Akakiweka kikombe chini. Nje mwiko unagonga sufuria.

"Nimekuwa nafikiri," akasema. "Jivu halijaisha duniani. Nimewaambia watoto: nikifa wasinizike. Wanichome. Halafu wewe unaijua njia, uyapeleke majivu yangu kule juu, uyamwage pale shimoni petu."

"Bwana Afya! Sisi Wakristo hatuchomwi!"

"Nisikilize. Hata kama ni kwa siku moja. Hata kama ni chura mmoja tu akapita."

Hakuwa anatania. Macho yale yalikuwa yananiomba kama alivyokuwa akiomba jivu kwenye milango yetu. Nikageukia ukuta. Ndipo Mama Afya akatokea mlangoni, mwiko mkononi, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, akamtazama mume wake toka kichwani mpaka kwenye stuli, akaropoka:

"Wakuchome wewe? Kwa mifupa hiyo? Hata debe halijai!"